Plagi za tanki la samaki zinazingua: kabla hujanunua nyingine sikiliza "tik"

Swali lenyewe nimelifupisha. Dada yetu wa Uyole, Mbeya, ana tanki la lita 240 la mbuna wa Ziwa Nyasa na vifaa vyake vinaendeshwa na plagi nne. Hita ya wati 300 na taa ya LED ziko kwenye plagi za waifai ambazo fundi alizitoa programu ya kiwandani akaweka Tasmota (programu huria ya kuendesha plagi za aina hiyo), filta na pampu ya hewa ziko kwenye zile plagi za rimoti. Tangu mvua zianze taa siku nyingine inawaka siku nyingine haiwaki, hita ameikuta ya moto mara mbili wakati simu inasema imezimwa, halafu usiku mmoja umeme ukakatika ukarudi lakini filta haikurudi wala hewa, asubuhi samaki sita chali. Plagi mbili ameshabadilisha na kazi ikawa ileile. Anauliza anunue aina gani isiyozingua.

Kamwene dada, na pole sana, najua mbuna wa kutoka Matema mpaka ufike nao Uyole wakiwa hai na wakuzoee ni kazi ya miezi, kuwakuta wanaelea ni kitu kinauma. Ila swali la aina gani ununue sitalijibu leo, maana nikisoma maelezo yako sioni tatizo moja, naona magonjwa matatu tofauti yamekutana kwenye tanki moja, na ukinunua plagi ya bei mbaya kuliko zote dukani utatibu moja tu hayo mawili yatabaki yanakusubiri.

Naanza na lililoua. Filta na hewa zitoe kwenye plagi za rimoti leo hii kabla hujamaliza kusoma, zichomeke moja kwa moja ukutani. Hizo plagi za rimoti nyingi zimetengenezwa hivi: umeme ukikatika ukarudi zinaamka zikiwa zimezima, zinasubiri mtu abonyeze. Kiwandani waliona ni usalama, maana hutaki pasi ijiwashe mwenyewe umelala, lakini kwa filta ni kinyume kabisa. Halafu mawasiliano yake ni ya upande mmoja, rimoti inatuma ishara na haipokei jibu, kwa hiyo hata ukiunganisha na kile kisanduku cha kuzituma kutoka kwenye simu, simu inakuonyesha ulichotuma mara ya mwisho, haikuonyeshi plagi iko kwenye hali gani. Simu inasema filta inafanya kazi, filta imelala. Hapo hakuna kitu kilichoharibika dada, plagi imefanya kazi yake kama ilivyoundwa, ndiyo maana ulipobadilisha haikusaidia.

Na kwetu huku juu hili ni zito kuliko kwa mtu wa Dar. Mbeya mjini mko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji yanabeba oksijeni kulingana na mgandamizo wa hewa, kwa hiyo maji yako yakijaa oksijeni mpaka mwisho bado yana pungufu ya karibu asilimia 18 kuliko maji ya joto lilelile Tanga au Dar. Kwenye nyuzi 25 pwani yanabeba kama miligramu 8.2 kwa lita, kwako ni kama 6.7. Mbuna ni samaki wa kwenye miamba yenye mawimbi, amezoea maji yanayochezeka, na bakteria wa kwenye filta nao wanakula oksijeni hiyohiyo. Mtu wa pwani filta ikizima masaa matatu anaamka samaki wanahema juu, wewe unaweza kuamka wamekufa. Kwa hiyo pampu ya hewa tafuta na ya akiba inayotumia betri, zile za kuchaji zinazojiwasha zenyewe umeme ukikatika, na kama nyumbani una sola ya volti 12 pampu ndogo ya DC inakula umeme kidogo mno. Weka na valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye mpira wa hewa, maana pampu ikiwa chini ya usawa wa maji, ikizima maji yanaweza kunyonywa mpaka sakafuni, na hapo njiani ndipo plagi zako zilipo.

Kama kuna siku unataka kuzima filta dakika kumi wakati wa kulisha, weka swichi ya kawaida ya ukutani. Ukitaka lazima iwe ya simu basi mwambie fundi atumie rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) yenye miguu mitatu, COM ambao ni wa pamoja, NO unaokuwa wazi rilei ikilala na NC unaokuwa umegusana rilei ikilala, na waya wa filta apitishe COM na NC. Hapo rilei ikiwa imelala filta inazunguka, na ili kuizima lazima moduli iwe hai na iamue. Moduli ikifa, bando likiisha, ruta ikiganda, filta inaendelea.

Sasa hita, na hapa nakuomba usome taratibu maana ndipo patakapoua wengine waliobaki. Simu inasema imezima, hita ya moto. Ndani ya plagi kuna rilei, na ndani ya rilei kuna vipande viwili vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme. Vikichomeka vikashikana, sumaku inaachia lakini vyuma haviachani, programu inaona imetoa amri ya kuzima na inaripoti imezima kwa moyo mweupe kabisa. Mimi iliwahi kunitokea hapa Kihesa, Iringa, niliamka nikakuta kipimajoto kinasoma 36, sikuokoa hata mmoja, na tangu siku ile sijawahi kuiamini plagi peke yake na hita.

Kinachoshangaza watu ni kwamba plagi imeandikwa ampea 10 na hita ya wati 300 inakula ampea 1.3 tu, sasa inaunguaje? Jibu liko kwenye ile sentensi uliyoitupia chini kabisa, kwamba hiyo plagi zamani ilikuwa kwenye taa. Hapo ndipo ilipougulia. Taa ya LED ina pawasaplai yenye kapasita tupu, ukiwasha tu hiyo kapasita inajaa kwa mkupuo, kwa muda mfupi usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde inavuta ampea makumi, cheche moja kwenye chuma cha rilei. Kila siku cheche moja, baada ya miezi chuma kimekuwa na vishimo na vilima. Ongeza umeme mdogo wa jioni, sumaku ya rilei inakuwa dhaifu, badala ya kubana mara moja inagongagonga, unasikia kama trrr, na kila mgongano ni cheche nyingine. Ile ampea 10 waliyoandika ni ya mzigo mtulivu kama hita, sio ya pawasaplai wala ya mota. Kwa hiyo plagi ilijeruhiwa na taa ikaja kugandia kwenye hita.

Kipimo chake ni rahisi, huhitaji vifaa. Toa hita, chomeka kwenye hiyo plagi balbu ya zamani ya waya, ile ya wati 60 kama bado unaipata, usitumie ya LED maana ya LED inaweza kuwaka kwa mbali kwa umeme mdogo unaovuja ukadhani kitu kingine. Kaa chumba kimya, washa na zima kwa kitufe cha kwenye plagi mara ishirini, sikiliza. Ukisikia tik na balbu ikawaka, ukasikia tik na ikazima, mara zote ishirini, rilei bado. Ukisikia tik balbu isiwake, vyuma vimeungua. Ukizima, usikie tik au usisikie, balbu ikabaki inawaka, vimegandana, na mara nyingi ukiigonga plagi na mpini wa bisibisi inazima ghafla, hapo fundi wengine watakwambia si imepona hiyo, dada hiyo haijapona, itupe na uivunje pini kabisa asije mtu akaiokota. Kama hakuna tik kabisa na balbu haiwaki, huenda sio ugonjwa wa rilei, nakuja huko.

Halafu hata ukiweka plagi mpya, panga hita kwa ngazi mbili. Hita ina kidhibiti chake mwenyewe kwenye kichwa, wengi wanakizungusha mpaka mwisho ili plagi ndiyo iamue, hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Joto la plagi kuzimia hita liweke 25, kidhibiti cha hita yenyewe kiweke 26 au 27. Siku za kawaida plagi ndiyo inafanya kazi, siku rilei ikiganda hita inajizima yenyewe nyuzi moja au mbili mbele, samaki hata hawajui. Na hiyo ya wati 300 ukipata nafasi ibadilishe na mbili za 150. Piga hesabu mwenyewe: lita 240 kupanda nyuzi moja kwa wati 300 ni karibu saa moja kama hakuna joto linalopotea, kwa hiyo ikiganda saa nne usiku mpaka asubuhi unaiona hatari ilipo. Ya 150 ikiganda peke yake, kwa baridi ya Uyole ya mwezi wa sita na wa saba haitafika mbali, joto linapotea ukutani na juu ya maji, na moja ikifa nyingine inashikilia tanki lisishuke ghafla. Watu wa Dar wanafuga bila hita kabisa, ushauri wao wa hita usiuchukue, sisi huku hita ni uhai.

Taa sasa, ambayo ndiyo inakukera kila siku ingawa haijaua mtu. Inawaka siku nyingine haiwaki. Hapa usibadilishe chochote kwanza, chukua daftari, kwa wiki moja kila inapozingua andika saa na andika kama umeme ulikatika siku hiyo na kama bando lilikuwepo. Hilo daftari litakwambia kuliko fundi yeyote. Ikizingua siku zinazofuata kukatika kwa umeme tu, tatizo ni saa. Ikizingua jioni kuanzia saa moja mpaka saa nne wakati mtaa mzima unapika na kuangalia tivii, tatizo ni volti. Ikizingua ovyo ovyo muda wowote, tatizo ni waifai au pawasaplai ya ndani.

La saa nalihisi kwako kuliko yote. Plagi kama hizo hazina betri ya kutunza saa. Zikiwaka zinauliza saa ngapi kupitia intaneti, na zikikosa jibu hazijui ni asubuhi au usiku, kwa hiyo ratiba uliyoseti ipo imehifadhiwa salama kabisa lakini haikimbii, maana saa yenyewe haipo. Umeme umekatika saa kumi alfajiri, umerudi saa kumi na moja, bando la ruta liliisha jana, basi taa haiwaki mpaka ununue bando, ukinunua inaanza yenyewe unadhani imejiponya. Ruta yenyewe nayo ikiwaka inachukua dakika mbili tatu kupata mtandao wakati plagi ilishaamka zamani. Angalia pia majira umeweka +3, nimeona plagi nyingi zikiwasha taa saa mbili nyuma au mbele kwa sababu tu ya hilo. Dawa ni kuiwekea ruta kile kibetri chake kidogo cha volti 12 isizime umeme ukikatika, na ukiniuliza moyo wangu, kwa taa ya samaki ningeweka tu taima ya kidijitali yenye betri ndani, ile ya dukani ya kuchomeka ukutani, haihitaji bando wala ruta. Zile za kuzungusha zenye meno pembeni achana nazo, umeme ukikatika saa tatu na zenyewe zinachelewa saa tatu mpaka uzirekebishe kwa mkono.

Na kwa kuwa una Tasmota kuna mambo mawili ya kuseti leo. Kwanza PowerOnState, plagi ya taa iweke 3 irudi ilivyokuwa kabla umeme haujakatika, ya hita iweke 1 iamke ikiwa imewaka, maana kidhibiti cha hita kipo nyuma yake kinalinda. La pili wengi hawalijui: Tasmota ikizimwa na kuwashwa mara saba harakaharaka, kila mara chini ya sekunde kumi, inaelewa kwamba mwenye nyumba anataka kufuta kila kitu, inafuta. Sasa umeme wetu wa kipindi cha mvua, unavyokuja na kuondoka kama mtu anachezea swichi, unaweza kuipa hiyo amri bila wewe kujua, ukiamka plagi haijulikani kwenye simu na ratiba hakuna. Andika SetOption65 1 kwenye konsoli (ukurasa wa Tasmota wa kuandikia amri), hiyo tabia inazimwa. Ila ujue ukishaizima usisahau nywila yake, njia hiyo ya kujiokoa inakuwa haipo tena.

Ukiwa humohumo fungua ukurasa wa Information, tazama palipoandikwa Uptime. Kama umeme haujakatika wiki nzima lakini inasoma saa mbili, plagi inajizima na kujiwasha yenyewe, hiyo ni pawasaplai ya ndani inakufa, kapasita imevimba kichwa, na mara nyingi inajionyesha pale rilei inapobana au waifai inapotuma kwa nguvu. Kama Uptime ni ya siku nyingi lakini simu inasema haipatikani, plagi ni nzima, ugonjwa ni waifai. Na waifai kwenye tanki kuna kitu kimoja: maji yanameza mawimbi ya waifai ya gigahezi 2.4, na plagi hizi hazijui ya gigahezi 5. Lita 240 zikikaa kati ya ruta na plagi ni kama ukuta wa zege, ukiongeza na stendi ya chuma ndiyo kabisa. Hamisha plagi ikae upande wa ruta, uone. Kama ruta imeunganisha 2.4 na 5 kwa jina moja, zitenganishe.

Zile za rimoti zina ugonjwa wao, ndizo zile ambazo hakuna tik. Nyingi hazina transfoma ndani, umeme wa rilei unapunguzwa na kapasita moja kubwa ya mstatili imeandikwa 0.68 au 1 mikrofaradi, na hiyo kapasita inazeeka, radi na umeme wa kuruka vinaila kidogo kidogo mpaka haina nguvu ya kubana rilei. Fundi wako akitaka kuibadilisha inabadilishika na ni rahisi, aweke ya aina ya X2 (iliyotengenezwa kukaa kwenye umeme wa ukutani) yenye thamani ileile. Lakini wewe usifungue. Kwenye aina hiyo bodi yote iko laivu, hata sehemu za volti 5, hakuna kinachoitenganisha na ukuta, na wewe umesimama mbele ya tanki la maji na mikono imelowa.

Volti zipime usiku saa mbili na mita, kwenye soketi ya tanki, vifaa vyote vikiwa vinafanya kazi. Kawaida ni 230, kati ya 207 na 253 usijali. Ukikuta 180, hakuna plagi duniani ya kukusaidia, nenda Mwanjelwa nunua friji gadi nzuri uiweke mbele ya taa na hita. Inakata umeme ukiwa mdogo au mkubwa, na umeme ukirudi inasubiri dakika kadhaa utulie kwanza, hilo tu linaokoa rilei nyingi. Kama soketi yako inasoma 180 ya jirani inasoma 220, basi ni ekstensheni au kiungio kimelegea mahali, gusa plagi ukiona ya moto umeshapata.

Kama kuna siku utaweka pampu nyingine kwenye plagi, kumbuka mota ikizimwa inarudisha teke la volti kwenye rilei. Dawa yake ni kisanduku kidogo cha ohm 100 na mikrofaradi 0.1 ya X2, kifungwe sambamba na pampu yenyewe. Kikifungwa sambamba na vyuma vya rilei kinavujisha kama miliampea 7 hata ikiwa imezima, utaona taa ndogo zinang'aa usiku kwa mbali.

Na picha uliyotuma, plagi zimebandikwa ukutani juu kidogo ya mfuniko wa tanki. Hapana dada. Asubuhi ya baridi maji ni nyuzi 25 chumba ni 13, mvuke unapanda na kutua palepale penye pini za shaba, ndiyo ule ukijani ulioniuliza ni nini, ni kutu ya shaba. Zishushe pembeni, mbali na juu ya maji, na kila waya ushuke chini kuliko soketi kwanza ndiyo upande kuichomeka, maji yakifuata waya yadondokee sakafuni. Soketi ya tanki iwe na ethi ya kweli, iliyopimwa, na iwekewe ile breka yenye kitufe cha test ya miliampea 30, yake peke yake isichangie na jikoni, vinginevyo birika la chai likivuja litakuzimia filta.

Kwa hiyo wiki hii fanya filta na hewa ukutani, kipimo cha balbu kwenye plagi ya hita, na kidhibiti cha hita kwenye 26. Hizo plagi mbili ulizonunua usizirudishe dukani bado. Daftari likijaa wiki niandikie saa zilizozingua pamoja na volti ulizopima, nitakwambia ipi ni ya kutupa na ipi bado ina kazi.